Kabla hamjapeleka panga kukaguliwa

Ndugu wanakikundi, habari za leo. Mnaotaka panga zenu za kale za Kijapani zikaguliwe na NBTHK, kile chama cha Tokyo cha kuhifadhi panga za sanaa za Kijapani, cha tangu 1948, nawasihi: msiguse kutu ya shina, yaani sehemu inayoingia ndani ya mpini. Weusi wa kutu hiyo humsaidia mkaguzi kukadiria umri wa upanga. Ukiusugua kwa msasa, thamani imekwenda na hairudi! Sahihi ya mhunzi nayo msiitegemee peke yake, maana majina ya mafundi wakubwa yameghushiwa tangu zamani. Wakaguzi hutazama pia umbo, chembe za chuma na mstari wa makali. Mwenye picha za shina, pande zote mbili, azitume hapa kabla ya Ijumaa jioni.