Asiyetulia kitandani: maumivu ya mawe ya figo tunavyoyapokea usiku

Mgonjwa wa jiwe la figo mara nyingi tunamhisi kabla hajafika mezani. Anaingia ameshika ubavu, kiti hakitaki, anazunguka, anapiga magoti, anajaribu kulala, anainuka tena. Mwenye kidole tumbo kilichopasuka hulala kimya kama gogo, maana kila akijitikisa anaumia zaidi. Huyu wa jiwe hana mkao unaomfaa. Maumivu yanaanzia mgongoni chini ya mbavu, upande mmoja, yanateremka hadi kinenani. Kwa wanaume yanafika kwenye korodani, ndiyo maana baadhi yao wanakuja wameshakunywa dawa za ngiri. Wengine wameshamaliza dozi mbili za "UTI" kutoka duka la dawa.

Jiwe likitulia ndani ya figo linaweza kukaa miaka na mwenyewe asijue. Kasheshe ni likishuka na kuziba mrija mwembamba unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Mkojo unakosa njia, figo inatanuka, mrija nao unajikamua, na mtu anaumwa kwa mawimbi.

Kwetu dawa ya maumivu inatangulia. Kila mara kuna ndugu anayesema, "Daktari, usimchome kwanza, utaficha ugonjwa." Haufichiki. Aliyetulia anapimika vizuri kuliko anayejinyonganyonga. Sindano ya kwanza kwa kawaida ni diklofenaki, kwa kuwa inashusha presha ndani ya figo iliyoziba, na kwa maumivu haya haishindwi na dawa za jamii ya mofini, tena hailetei watu kichefuchefu kama hizo. Ila tuambie mapema kama una vidonda vya tumbo, una mimba au figo zako zina shida ya siku nyingi, tukupe nyingine. Dripu wengi wanaidai. Tunamwekea aliyetapika hadi akakaukiwa. Kumjaza mtu maji hakulisukumi jiwe.

Kisha tunapima mkojo, tukitafuta damu. Isipoonekana, jiwe bado linaweza kuwepo. Ikionekana, haitoshi kuwa ushahidi: aliyekulia kwenye mabwawa na vijito vyenye kichocho tunamuuliza na hilo. Mwanamke wa umri wa kuzaa tunampima ujauzito hata akiapa hana, tusije tukatibu jiwe kumbe mimba imetunga nje ya kizazi. Mzee wa zaidi ya miaka 60 anayeumwa hivi kwa mara ya kwanza tunamtazama mshipa mkubwa wa damu tumboni, kwa sababu ukivimba na kuanza kuvuja unaiga jiwe barabara. Na kijana ambaye korodani yenyewe ndiyo inauma, tunaikagua bila kuona haya. Ikiwa imejisokota, saa chache tu zinatosha kuipoteza.

Altrasaundi tunayo hapa. Inaonyesha figo iliyotanuka, lakini jiwe dogo lililo katikati ya mrija huikwepa. Kipimo kinachoona karibu mawe yote ni CT, mashine ya eksirei inayopiga picha za mwili vipande vipande. Hicho hatuna, na hatutakupeleka kwa mazoea tu. Kijana aliyepata nafuu, asiye na homa, mara nyingi anaweza kusubiri.

Homa ndiyo inayotukosesha usingizi. Ubavu unauma, mwili unatetemeka, mtu anapima malaria, inatoka hasi, anarudi kulala. Kama kuna jiwe, pengine usaha umefungiwa nyuma yake, na antibiotiki peke yake haitoshi: lazima mkojo ufunguliwe njia haraka, hospitali yenye daktari wa mfumo wa mkojo. Tunaanza dawa na kukupa rufaa usiku huohuo. Vivyo hivyo kwa aliyeacha kukojoa kabisa, au mwenye figo moja.

Wengine wanarudi nyumbani asubuhi. Jiwe lisilofika milimita 5 kwa kawaida hutoka lenyewe, ingawa linaweza kuchukua wiki kadhaa. Likizidi 10, usilitegemee. Kunywa maji kwa kiu yako na kidogo zaidi, na ukojoe kwenye chujio la chai. Ukikipata kijiwe, kitie kwenye kichupa ukilete, maabara kubwa wanaweza kukipima kimetengenezwa na nini, tujue cha kukushauri kwenye chakula. Chujio lenyewe usilirudishe jikoni.