Barua kwa mwanangu: nyumba ya Goba na deni la benki

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusikiliza wote, na ule wa mjomba wako uliofuata nao nimeusikiliza. Ombi lako la kuiandikisha nyumba yenu ya Goba, hapo Dar es Salaam, kwa jina langu ili mkeo asigawane nawe nimelielewa, na jibu langu ni hapana. Jina langu haliingii kwenye nyumba ile. Nakwambia mapema ili tusipoteze muda hapo, tuzungumze yale yatakayokufaa.

Hata ningetaka, lisingewezekana. Hati iko benki na rehani imesajiliwa kwa Msajili wa Hati, kwa hiyo hakuna wa kuihamisha benki ikiwa haijui. Tena ile ni nyumba ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mmoja wenu kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake madamu ndoa ipo, na ninyi mmetengana tu, hamjaachana. Kubwa kuliko yote, mkwe wangu hajanikosea. Nilipofanyiwa upasuaji wa macho ni yeye aliyelala chini pale wodini, ananishika mkono kwenda msalani usiku. Hata angekuwa amenikosea, nisingekubali kutumika kumdhulumu haki yake.

Unajua kazi niliyofanya mpaka nikastaafu. Majalada ya ndoa na mirathi yamepita mikononi mwangu pale masijala ya mahakama, na mambo ya kuandikisha mali kwa mama au kwa kaka "kwa muda" nimeyaona mwisho wake. Yupo kaka aliyeandikishiwa nyumba hivyo hivyo, akaota mizizi, akagoma kuirudisha. Aliyeificha alikuja dirishani kuuliza afungue kesi gani, na hapakuwa na la kumjibu. Amwambie nini hakimu? Kwamba aliificha asije akagawana na mkewe?

Sasa tuje kwenye lililonikosesha usingizi. Umesema rejesho la mwezi huu hulipi mpaka mkeo ahame. Usifanye hivyo, baba. Mkataba ule mliusaini wote wawili, na kila mmoja wenu anadaiwa deni zima, si nusu yake. Benki haina habari na nani analala pale na nani kapanga chumba Sinza. Ukigoma itamfuata yeye, mshahara wake ukishindwa itarudi kwako, na muda wote huo riba na adhabu zinapanda juu ya deni lenu wote. Kisha inakuja notisi. Sheria ya Ardhi inawapa siku 60 za kulipa mlichochelewesha, na zikiisha benki inaweza kuuza. Sheria hiyo hiyo inaitaka benki itafute bei nzuri, lakini mimi nimeona watu wanaokuja kwenye mnada. Wanakuja kutafuta cha bei ya chini, na wanajua kabisa kuwa mwenye nyumba hana ujanja. Baada ya hapo majina yenu wote wawili yanabaki kwenye kumbukumbu za wakopaji wabovu ambazo kila benki inazisoma. Siku utakapotaka mkopo wa gari au wa kiwanja utaulizwa habari za Goba.

Kwa hiyo endeleeni kulipa kama mlivyokuwa mkilipa, wewe laki 7, yeye laki 4 na elfu 20, mpaka hapo mtakapokubaliana vingine kwa maandishi. Na kama kodi ya chumba chako imekubana, nenda benki kabla hujachelewa hata mwezi mmoja. Waambie mmetengana, uliza kama wanaweza kuwapangia upya marejesho. Nendeni wote wawili. Si lazima mkae kiti kimoja, lakini ofisa wa mikopo awaone wote na awasikie wote.

Halafu lile la kwamba umeshalipa zaidi ya milioni 80, kwa hiyo nyumba ni yako. Nilimpa binamu yako mhasibu zile karatasi ulizoniachia, akanipigia hesabu mezani kwangu. Mlikopa milioni 80 kwa miaka 15, riba asilimia 15 kwa mwaka, rejesho milioni 1 na elfu 120 kwa mwezi. Kwa miaka 6 mmelipa kama milioni 80 na nusu, hapo umesema kweli, ingawa fedha hizo si zako peke yako. Unajua deni limebaki kiasi gani? Milioni 66. Katika fedha yote ile, iliyopunguza mkopo wenyewe ni milioni 14 tu, iliyobaki yote ni riba. Nilimwambia arudie, nikidhani kakosea. Akanionyesha rejesho la kwanza kabisa: milioni 1 nzima ilikwenda kwenye riba, na ile elfu 120 ndiyo iliyogusa deni. Miaka ya mwanzo ndivyo ilivyo, na hakuna aliyewaibia.

Nakueleza haya kwa sababu mnagombana juu ya kitu ambacho hakipo. Milioni 80 haiko popote ya kugawana. Cha kugawana ni thamani ya nyumba leo, ukitoa deni. Wewe unataja milioni 130, bei uliyopewa na dalali. Tafuteni mthamini aliyesajiliwa, mmlipe kwa kuchangiana ili asiwe wa upande wowote. Tuseme kweli ni 130. Ukitoa 66 inabaki 64, na hapo hujamlipa dalali, hujamlipa mwanasheria, hujaenda TRA kulipa kodi. (Risiti za ununuzi na za ule ukuta mliojenga zitafuteni sasa hivi. TRA inaangalia faida, na bila risiti hamtakuwa na la kuonyesha gharama mlizoingia.)

Nani achukue ngapi? Ungekuwa mtu mwingine ningekujibu kwa upole zaidi. Unasema mchango wake ni mdogo. Laki 4 na elfu 20 kutoka kwenye mshahara wa mwalimu ni mdogo? Na chakula, na sare za watoto, na ada ya yule mdogo, alilipa nani wakati mshahara wako wote ulikuwa unaishia kwenye rejesho na mafuta ya gari? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Hukumu ile tulikuwa tunaiona ikinukuliwa kila wiki. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaitaka mahakama itazame alichochangia kila mmoja, iwe fedha, mali au kazi, itazame madeni yaliyoingiwa kwa faida ya wote na mahitaji ya watoto, kisha ielekee kwenye mgawanyo sawa. Kwa hiyo ukienda kudai robo tatu, usidhani utapewa kwa sababu hati yako ya mshahara ni nene.

Kuhusu njia zenyewe, nimezifikiria sana. Moyo wangu ungetaka abaki pale na watoto. Lakini kukulipa sehemu yako hana fedha hizo, na benki haitakuondoa kwenye mkopo mpaka iridhike kwamba mshahara wake peke yake unatosha. Hautoshi. Hata wakiupanga mkopo upya kwa miaka 15 mingine, binamu yako anasema rejesho halishuki chini ya laki 9, na yeye mshahara wake hata milioni moja haufiki. Kwa mwajiriwa lazima theluthi moja ya mshahara ibaki baada ya makato. Wewe ukitaka kuichukua, mshahara unao, lakini utapaswa kumlipa yeye sehemu yake na kumtoa kwenye deni. Na ujue kwamba mkiandikiana wenyewe "mimi nitalipa, wewe huhusiki", karatasi hiyo haiifungi benki. Asiyepewa barua ya benki ya kumwondoa kwenye mkopo bado anadaiwa, hata akiolewa kwingine.

Kuipangisha nayo haijibu. Goba mnapata laki 6, rejesho ni milioni 1 na elfu 120, mtachangia laki 2 na elfu 60 kila mmoja kila mwezi kwa ajili ya nyumba isiyokaliwa na yeyote kati yenu, na bomba likipasuka mtapigiana simu usiku kugombana upya.

Mimi naona muiuze. Muiuze ninyi wenyewe kwa ridhaa ya wote wawili, mkiwa hamdaiwi hata rejesho moja la nyuma, benki ikijua, mnunuzi alipe deni benki kwanza na kilichobaki kigawanywe kwa mwanasheria siku hiyo hiyo. Lakini si sasa. Msubiri Septemba, yule mkubwa amalize darasa la saba pale alipozoea. Mpaka hapo mkeo na watoto wakae, wewe usibadilishe kitasa wala usipeleke wanunuzi kuchungulia bila kumwambia.

Jambo moja dogo linalosahaulika: kwenye hati mmeandikwa wamiliki wa pamoja. Maana yake mmoja akifariki kabla hamjamaliza haya, nyumba yote inakuwa ya aliyebaki, mtengane au msitengane. Na ile bima ya maisha ya mkopo msiiache ikakatika, maana bila hiyo aliyebaki atabaki na nyumba na deni zima. Ulizeni benki imelipiwa mpaka lini.

Haya yote yanaweza kuandikwa kwenye mkataba wa kutengana, sheria inaukubali. Mkishindwa kukaa wenyewe, nendeni kwenye baraza la usuluhishi, la kata au la BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu. Mahakamani wasingewapokea shauri la talaka bila kupita huko. Wala usije ukatamka talaka kwa hasira za nyumba. Kama ndoa imekwisha, iishe kwa mambo yenu ninyi wawili, na mimi hapo sitawaingilia.

Mkwe wangu nimempigia jana. Sikumsema mtu, nilimuuliza hali tu, na nikamwambia nitakuandikia. Yuko tayari kukutana nawe Jumamosi kwa shangazi yako Magomeni, saa nne asubuhi. Beba mkataba wa mkopo, taarifa ya benki na zile risiti. Watoto waje kwangu likizo ya Juni kama wote wawili mtakubali, nauli ya basi nitatuma mimi.

Mama yako,
Tanga