Ramani ingewafikia waraibu wetu kabla pumzi haijakatika

Mhariri,

Juzi alfajiri kijana wa jirani yetu alikutwa uchochoroni hapa Ngamiani, midomo imebadilika rangi, anakoroma kwa mbali. Watu walimmwagia maji, wengine wakakimbilia maziwa. Havisaidii! Aliyezidisha heroini huishiwa pumzi. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitali, achomwe naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini. Mama yake alibaki ameshika kandambili moja ya mwanawe.

Naiomba halmashauri ya jiji letu ichore ramani ya matukio haya, ili waelimishaji wajue waanzie mtaa gani. Programu ya kompyuta ya kuchora ramani, QGIS, ni ya bure. Dar es Salaam, tangu 2015, wanafunzi na wakazi wa mradi wa Ramani Huria walichora mitaa ya mafuriko. Marekani wana ODMAP, ramani ya matukio ya kuzidisha dawa za kulevya, tangu 2017.

Ila jina la mtu na nyumba yake visiwekwe kabisa. Ioneshe mtaa, tarehe, na kama naloksoni ilipatikana. Ikigeuzwa ramani ya kukamatia vijana, nani atathubutu kupiga simu mwenzake akianguka?

Mkazi wa Ngamiani,
Tanga