Taarifa ya Mwenyekiti wa Jumuiya kwa Mkutano wa Mwaka, Ndanda

Ndugu wanajumuiya, Tumsifu Yesu Kristo.

Hesabu za mwaka atazisoma mhazini, na kila mmoja ana haki ya kuuliza mpaka aridhike. Mimi nina jambo moja ambalo daftari la mhazini halilionyeshi: sisi ni wepesi wa kutoa, lakini kupokea kunatushinda.

Kutoa tunajua. Minada ya korosho ilipoanza na malipo ya chama cha msingi cha ushirika kuingia benki, wengi mlilipa ada bila kukumbushwa. Msibani hakukosekana mtu wa kuchota maji, kupasua kuni wala kukesha na wafiwa. Majirani zetu Waislamu walishika majembe makaburini pamoja na vijana wetu, kama nasi tunavyokwenda kwao. Asanteni sana.

Shida inaanza Januari hadi Machi. Fedha ya korosho imeishia kwenye mahitaji ya shule na madeni, chakula cha ndani kimepungua, mahindi mapya bado yako shambani na palizi inadai nguvu. Hapo ndipo mtu anapojifungia. Mama mmoja mwenzetu aliugua muda mrefu, akawa anawaagiza watoto waseme yuko shamba. Hospitali iko hapa hapa Ndanda. Hakwenda kwa kuwa hakuwa na fedha, na hakutuambia kwa kuwa aliogopa kusemwa. Tulipopata habari tulimpeleka, akatibiwa, na sasa anaendelea vizuri. Ameniruhusu kulieleza hili bila jina lake.

Tusimlaumu. Kwa miaka mingi majina ya waliosaidiwa yamekuwa yakisomwa baada ya sala, na kabla ya jioni kisimani watu wanajua nani kapewa unga. Nani atapenda hilo? Kamati inapendekeza majina yasisomwe tena. Mhazini atataja jumla tu, na wakaguzi wetu wawili ndio watakaoona orodha. Pia mama mmoja na baba mmoja watakuwa wakipita kwa wagonjwa, wajane na wazee kila mwezi, bila kusubiri mtu aombe. Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976, walitaka Kanisa liishi pale watu wanapofahamiana kwa nyumba zao. Basi tufahamiane kweli.

Wapo waliouliza kwa nini tumsaidie asiyelipa ada. Ni swali halali. Mfuko wa kufa na kuzikana una masharti yake, na naomba tuyashike, maana ni haki ya waliochangia. Lakini sadaka ya huruma si bima. Hiyo inamfuata mwenye shida, awe amelipa au hajalipa. Tukichanganya mifuko hii miwili tutaua yote.

Na asiye na fedha asidhani hana cha kuleta. Mzee mmoja aliyepelekewa chakula wakati wa palizi aliwachukua vijana hadi shamba la mjane, akawafundisha kubebesha mikorosho, yaani kuunga kikonyo (kijiti cha mkorosho bora) kwenye mkorosho mwingine: namna ya kukichagua, kukata na kufunga. Hakuna aliyemwambia alipe. Kwangu hilo ndilo tukio kubwa la mwaka huu, kuliko hata harambee.

Petro naye alikataa kutawadhwa miguu, akidhani anamheshimu Bwana. Akaambiwa kwamba bila hilo hana shirika naye. Kwa hiyo nawaomba hasa ninyi mnaotoa siku zote: mkiugua, mkikwama, semeni. Mnapojificha, maskini wanaona kwamba kusaidiwa ni aibu.

Naomba mkutano upitishe mapendekezo ya kamati kuhusu majina na kutembeleana. Katibu ana karatasi ya kujiandikisha. Akina mama wamekwisha kujitokeza, ila nafasi ya baba bado iko wazi, na Januari haiko mbali.

Mwenyekiti