Bodi ilinde mali, kamati iachiwe kongamano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi tunaojitolea kuandaa makongamano ya mashabiki wa katuni na hadithi za kubuni hapa Kigoma hulikwepa mpaka lituumbue: kati ya kamati ya maandalizi na bodi ya wadhamini, nani mwenye kauli ya mwisho?

Mimi ni mjumbe wa kamati ya kikundi kimojawapo. Mwaka jana tulikuwa tumekwisha kulipia ukumbi Mwanga na kutangaza ratiba, ndipo, siku mbili kabla ya kongamano, mwenyekiti wa bodi alipolihamishia Ujiji kwa kuwa huko alikuwa ameahidiwa ukumbi wa bure. Wageni waliotoka Tabora kwa treni walishushwa na bodaboda mbele ya mlango uliofungwa. Mzee yule hakuwa na nia mbaya, na kwa kweli alitaka kuokoa fedha. Tatizo ni katiba yetu, inayosema tu kwamba bodi “itasimamia shughuli zote”, maneno ambayo kila upande huyasoma unavyopenda.

Wadhamini wakisajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, chini ya sheria ya wadhamini, Sura 318, wanakuwa chombo kinachoweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Huo ni mzigo mkubwa, na kwa sababu hiyo nakubali kwamba akaunti, jina la kikundi na mikataba inayovuka mwaka mmoja vibaki mikononi mwao. Ukumbi, wageni na ratiba, maadamu havivuki bajeti waliyoipitisha wenyewe, ni vya kamati.

Wapo wenzangu wanaotaka bodi ivunjwe kabisa. Hao nawaomba waitazame Worldcon, kongamano la hadithi za kubuni za kisayansi lililoanza New York mwaka 1939. Kila mwaka huendeshwa na kamati ya mji mwenyeji bila bodi juu yake, na katiba hurekebishwa na wanachama katika mikutano ya miaka miwili mfululizo. Uhuru huo umelisaidia kuhama mji hadi mji, lakini takwimu za kura za Tuzo za Hugo, ambazo wanachama wa Worldcon huwapa waandishi na kazi bora, za kongamano la Chengdu, China, 2023, zilipotolewa Januari 2024 na kuonyesha kwamba baadhi ya waandishi na kazi zilizopata kura za kutosha ziliondolewa bila maelezo, hakukuwa na chombo cha kuiamuru kamati ile ijieleze. Kamati ya kudumu iliyopo hulinda majina na alama tu.

Napendekeza kifungu kimoja: uamuzi wa kamati uliomo ndani ya bajeti utenguliwe kwa theluthi mbili ya wadhamini, kwa maandishi yenye sababu, na usitenguliwe zikiwa zimebaki siku 14 isipokuwa usalama wa watu uko hatarini, nayo kamati iwasilishe taarifa ya fedha na ya maamuzi yake ndani ya siku 30 baada ya kongamano. Katibu ninaye jirani, na rasimu nimekwisha kumkabidhi.

Mjumbe wa kamati ya maandalizi,
Ujiji, Kigoma