Mikutano ya nishati ya nyuklia itoe hesabu kamili

Mhariri,

Naandika kuhusu taarifa za mikutano ya kimataifa ya fizikia ya plazma (gesi iliyopashwa joto kali mno) na utafiti wa kuunganisha viini vya atomi ili kupata nishati, ambazo hutujia na vichwa vikubwa kwamba umeme usiokwisha umekaribia. Kazi ya wanasayansi hao naiheshimu. Ninachokipinga ni hesabu nusunusu.

Chukua jaribio la Desemba 2022 katika maabara ya Lawrence Livermore, Marekani. Miali ya leza ilipeleka megajuli 2.05 (megajuli ni kipimo cha nishati) kwenye shabaha iliyobeba kidonge cha haidrojeni nzito chenye upana wa takribani milimita 2, na megajuli 3.15 zikatoka. Faida, tukaambiwa. Lakini leza zenyewe zilivuta takribani megajuli 300 kutoka gridi ya umeme! Mtambo wa majaribio ya kuunganisha viini wa JET, Uingereza, nao ulizalisha megajuli 69 mwaka 2023. Ni rekodi ya kweli, ingawa kuipasha plazma joto kulikula nishati nyingi kuliko hiyo.

Waandaaji wa mikutano hii wadai kila tokeo liambatane na takwimu mbili: nishati iliyoingia kwenye plazma, na umeme wote uliotumiwa na mtambo. Nanyi wahariri msichapishe ya kwanza bila ya pili. Walipa kodi wa mataifa yanayojenga kwa pamoja mtambo mkubwa wa majaribio kama hayo, ITER, kule Ufaransa wanaihitaji zaidi hiyo ya pili, maana ndiyo itakayoamua kama umeme huo utauzika.

Msomaji wenu