Barua kwa mwanangu: harusi ya Kisauni

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Jana uliniambia kwa furaha kwamba umepata kazi kubwa ya mahema na viti Nyali, siku ileile ya harusi ya Kisauni, na kwamba wale wa Kisauni utawarudishia arubuni yao yaishe, maana "hatukuandikiana kitu, mama." Sikukujibu kwa kuwa nilikuwa na wageni barazani. Jibu langu ndilo hili.

Umeshafungika. Nimepiga taipu afisi ya wakili hapa mjini tangu hujazaliwa, na watu wanaodhani mkataba ni karatasi yenye mhuri ndio waliotuletea kazi.

Tazama mlivyopatana. Yule mama wa Kisauni alitaka viti 300 na mahema manne kwa shilingi 35,000. Wewe ukataja 40,000. Hapo bei yake ya kwanza ilikufa. Lau ungerudi kusema "haya basi, lete hiyo 35," hangekuwa na lazima ya kukubali. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1840, Hyde dhidi ya Wrench. Mtu alitaka kuuza shamba kwa pauni 1,000, mnunuzi akataka kwa 950, akakataliwa, kisha akarudi mbio kusema ataitoa ile 1,000. Mahakama ikamwambia bei hiyo haipo tena, ameiua mwenyewe. Usishangae kesi ya Wazungu kutuhusu, kwani Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 23 ya Sheria za Kenya, imeagiza kanuni za Uingereza za mikataba zitumike Kenya. Na aliyezoea kupatana bei Marikiti haoni ajabu yoyote humo.

Basi yeye akapanda hadi 38,000, nawe ukamjibu kwa WhatsApp, "Sawa mama, siku hiyo ni yako." Ni pale ulipofungika, wala si alipokutumia 10,000 kwa M-Pesa. Arubuni inamrahisishia ushahidi tu, pamoja na huo ujumbe wako. Yeye ameahidi kulipa, wewe umeahidi kuleta; kila mmoja ametoa kitu kwa ajili ya cha mwenziwe. Mjomba wako alipokuahidi baiskeli ya Idi hukutoa chochote, na tena yale ni mambo ya nyumbani, mahakama haijitii humo. Hii ni biashara.

Karatasi inalazimishwa kwa mambo machache. Ukinunua kiwanja Likoni kwa maneno, hata mbele ya msikiti mzima, huwezi kumshtaki mtu kwa mapatano hayo. Lazima yaandikwe, pande zote zitie saini, na kila saini ishuhudiwe. Kumdhamini mtu deni vilevile kunataka maandishi. Viti na mahema havimo. Najua utanitajia aya ya 282 ya Suratul Baqara, kwamba deni la muda liandikwe. Naam, andika, ni agizo la kukulinda, lakini usilifanye mlango wa kumtorokea mama wa watu.

Kurudisha arubuni hakumalizi. Akikosa mahema na ikambidi akodi kwingine kwa 55,000, ile 17,000 iliyozidi atakudai wewe. Wala usitegemee kwamba mtakwenda kusuluhishwa kwa Kadhi: kifungu cha 170 cha Katiba kimemwachia hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu. Hili litapelekwa Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na huko mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Ana miaka 6 ya kushtaki. Mwenye harusi iliyoharibika hangoji hata wiki.

Njia zipo mbili za halali. Umuombe akufungue kwa hiari yake, na akikubali akuandikie hivyo. Au utafute mwenzio wa mahema, umpeleke kwake, na yeye mwenyewe amkubali kushika nafasi yako kwa bei ileile. Kama yote mawili hataki, hao wa Nyali waambie huna nafasi. Kwao bado hujasema "sawa," au nimekosea kusikia?

Mpigie leo, kabla ya Magharibi. Wala usinitumie nambari yake nikuzungumzie. Mapatano ni yako na yeye, mimi simo.

Mamako